Gitaa la Baba na Kidole cha Shahada

Rangwi,
Lushoto.
Jumanne, 25 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Justin,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema ili tusipotezeane muda, maana leo nina mengi ya kukugombeza. Hujambo huko Mpanda? Lightness hajambo? Na Beatha wetu, kile kifua kimemwachia au bado kinambana usiku? Mwambie shangazi yake anamwombea, na asinywe maji ya baridi.

Huku ni kipupwe. Ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi, na nguo nilizofua Alhamisi mpaka leo nazigeuza kwenye kamba. Karoti zimekubali, kabichi zimeliwa kidogo na wadudu, viazi tunashukuru. Shemeji yako Kristian anakohoa lakini bado anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Habari za mama nitakupa, usikimbilie mwisho wa karatasi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Kila nikianza kukueleza habari za gitaa, unacheka. Ukicheka nami nacheka, salio linakwisha, hasira zangu zinabaki palepale. Kwa hiyo kaa chini usome yote, na Lightness akikuuliza unasoma nini, mwambie unasomewa mashtaka.

Shtaka la kwanza ni kwamba uliyeanzisha haya yote ni wewe.

Unakumbuka hali ya mama baada ya kumzika baba mwaka jana. Mama huyu ambaye walimu wa kwaya walikuwa wanabadilisha nyimbo ili zifuate sauti yake, aliacha kuimba. Kanisani alikuwa anasimama na kitabu kimefungwa. Nyumbani maneno yake yalipungua yakabaki matatu: ndiyo, hapana, na nimeshiba. Hilo la nimeshiba alikuwa analisema sahani ikiwa bado mikononi mwangu.

Tulipomhamishia kwangu baada ya arobaini, alikuja na sanduku lake, rozari yake na gitaa la baba. Gitaa alilitundika mwenyewe kwenye msumari juu ya kitanda. Juu ya sanduku akaweka kile kitenge cha bluu ulichomletea Krismasi baba angali hai, amekikunja vizuri, hakijaguswa na maji. Nilipomwuliza mbona hakishoni, akanijibu kwamba hicho ni cha kuzikiwa. Akasema hivyo kama mtu anayekuambia chumvi iko wapi. Kila asubuhi nikitandika kitanda chake nakiona pale. Justin, nilikiogopa kile kitenge kuliko nyoka.

Nikakupigia nikilia. Nawe ukatoa ushauri wako wa kisomi, kwamba tumpigie wimbo wa baba, ule aliomtungia wakati anamposa, ataimba mwenyewe. Nikasema vizuri, njoo upige, wewe ndiye uliyejifunza gitaa seminari. Ukasema huna likizo. Halafu ukasema maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Jifunze wewe, dada. Wimbo wenyewe una mikao minne tu ya vidole." Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako ilinifika mgongoni.

Mwezi wa tatu nimetimiza miaka hamsini na tisa. Vidole vyangu unavijua. Vinajua kufumba: kushika mpini, kukamua, kung'oa karoti, kumshika ndama masikio. Vifumbuke kimoja kimoja, hiki kiende juu, hiki kiende chini, hiki kisubiri mwenzake, hiyo kazi havikuwahi kufundishwa. Nilipoanza, nilikuwa nakitoa kidole kwa mkono wa pili na kukiweka mahali pake kama napanda vitunguu. Na wewe unaniambia minne tu. Mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la sufi.

Gitaa lenyewe nalo lina roho yake. Ukungu ukiingia linalegea, jua likichomoza linakaza, na mimi katikati nazungusha vile visikio vyake tangu asubuhi mpaka chai inapoa. Uzi mmoja ulikatika. Shemeji yako, kwa wema wake, akaufunga mwingine nilipokuwa shambani. Nilipobana, ukanikata ncha ya kidole. Kumbe amechomoa waya wa breki kwenye baiskeli yake ya zamani. Akasema waya ni waya.

Mwalimu wangu ni Athumani, sijui kama unamkumbuka. Ni yule Mha wa Kasulu aliyekuja kuchuma chai upande wa Bumbuli, akaoa hapa kwetu, sasa anapakia kabichi kwenye malori ya Dar. Huko kwenye kambi za chai walikuwa na bendi yao. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu sana. Akifika Jumapili jioni ananiinamia na kusema shikamoo mama. Nikishaitikia tu, ananiambia mkono wangu umekaa kama nataka kulima. Heshima na karipio vyote kwa pumzi moja. Nilimzaa mtoto wangu wa kwanza kabla yake, lakini akisema "rudia", narudia.

Kristian alikuwa akipita na ndoo ya maziwa anasema samaki mkunje angali mbichi, kisha anajikalia zizini mpaka somo liishe. Alidai ng'ombe anapunguza maziwa nikipiga. Nilipima. Ng'ombe hakupunguza kitu, ni yeye tu.

Wimbo hakuna aliyewahi kuuandika, kwa hiyo nilimwimbia Athumani kama tulivyoukuta nyumbani:

Nimetoka Rangwi kabla ya jogoo,
Nimefika Kwai ng'ombe washakamwa,
Nimebisha hodi, mbwa ndio walioitika,
Mlango uko wazi, mbona hukusukuma?

Athumani akafumba macho, akatafuta, akaupata. Mistari mitatu ya kwanza ina mikao ya kibinadamu. Nilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu, nikaizoea. Lakini ule mstari wa nne unataka mkao anaouita F. Wewe unaujua. Kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita, kizibane zote kwa nguvu moja, na vidole vingine vitatu viendelee na kazi zao hapohapo kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyeubuni hakuwahi kulima.

Tangu Septemba mpaka Mei, Justin. Nilikuwa nabana ile F natoka jasho katika baridi ya Rangwi, na kinachotoka ni mlio wa nzi aliyeingia kwenye chupa. Nilijizoeza kwenye mpini wa jembe nikipumzika shambani. Nilijizoeza kwenye mwiko. Jirani zangu wa jumuiya wakaanza kuniuliza kama nina matatizo ya mkono. Usiku mmoja Kristian akaniamsha akasema nimembana shingo.

Na mama je? Siku ya kwanza nilipolitoa gitaa kwenye msumari, hakunikataza wala hakuniruhusu. Alinitazama tu. Tangu hapo kila jioni alikuwa anakaa kwenye kigoda chake karibu na moto, rozari mkononi, nami napiga na kuimba. Mistari mitatu anatulia. Nilikuwa naona kabisa rozari imesimama. Nikifika wa nne, anautazama mkono wangu wa kushoto, halafu anasema, "Siyo." Na rozari inaendelea.

Siyo nini? Hasemi. Nikadhani ni kwa sababu F yangu inazomea. Basi nikapambana nayo, na mwezi wa tano ikakubali. Ikatoka safi, nyuzi zote sita. Athumani akapiga makofi, mimi nikatokwa na machozi, Kristian akatoka zizini kuja kuuliza ni redio ya nani. Jioni ile nikampigia mama wimbo mzima bila kosa hata moja. Akautazama mkono wangu. "Siyo."

Nilitamani kulivunja juu ya mafiga. Nakuambia ukweli, nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu nikamlalamikia baba kwa sauti. Nikarudi nikajaribu kwa haraka, siyo. Polepole, siyo. Nikakumbuka baba alivyokuwa anakaa, juu ya ile ndoo ya kukamulia ameifudikiza mlangoni mwa zizi, gitaa juu ya goti, kile kidole chake kifupi kimekaa juu juu kama kiongozi wa maandamano. Kile alichotuambia kimeliwa na chui ili tusiende msituni jioni, kumbe alijikata na panga akikata majani ya ng'ombe. Nikaleta ndoo, nikaifudikiza, nikakaa hivyohivyo. Nikavaa na kofia yake. Mama akanitazama muda mrefu kidogo, nikadhani leo ndiyo leo. Siyo.

Nikakupigia wewe, unakumbuka, nikaweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza, ukapiga huko Mpanda kwa ufundi wako wote wa seminari. F yako ikatoka kama kinanda cha kanisani. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema siyo, na wewe ukacheka. Mimi sikucheka siku ile. Alikuwa ameacha nusu ya chakula tena, na mikono yake ilikuwa imeanza kuwa myepesi, ukiishika unahisi umeshika kuni kavu. Nilijua tukishindwa na wimbo hatuna kingine cha kumwitia. Nikiingia chumbani, kile kitenge kinanisubiri.

Sasa nisikilize vizuri habari za Jumamosi, maana ndiyo sababu ya barua hii.

Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya mwaka. Baada ya misa jumuiya nzima ikaja kwangu, na ndugu wa Kwai, upande wa mama, wakaja pia. Tulipika tangu alfajiri. Wakati wa kuepua sufuria la pilau, kitambaa kikateleza, ukingo ukaniunguza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ubavuni, kuanzia shinani mpaka karibu na ncha. Wakanipaka asali wakanifunga kitambaa. Ncha tu ndiyo ilibaki nje. Moyoni nikashukuru Mungu, nikasema leo angalau hakuna atakayenisumbua na gitaa.

Watu walipoanza kula, katekista Rubeni akasimama. Akatangaza, bila kuniuliza, kwamba mama Efrazia atatupigia ule wimbo wa marehemu, maana mlima mzima tunamsikia akijifunza na leo ndiyo siku yenyewe. Watu wakashangilia. Nilimkazia macho Rubeni kiasi kwamba mtu mwenye haya angekaa. Hakukaa. Kukataa mbele ya wajomba, siku ya kumbukumbu ya baba yako, utaanzia wapi? Mtu akaingia chumbani akalileta gitaa.

Nikamtafuta Athumani kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Nikamwonyesha kidole kilichofungwa. Akatazama chini.

Nikaanza. Ncha ya kidole iliweza kubana uzi mmoja mmoja, kwa hiyo mistari mitatu ikaenda, japo kwa maumivu. Nimetoka Rangwi, nimefika Kwai, nimebisha hodi. Nikafika kwenye F. Nikajaribu kukilaza kidole, kikakataa. Nikainua mkono, nikakaa. Sikuimba wala sikupiga. Nilisikia kijiko kikigonga sahani. Nilisema ndani ya moyo wangu kwamba nikitoka hapa nakwenda Mpanda kwa miguu kumtafuta Justin.

Hapo ndipo niliposikia sauti.

"Mlango uko wazi, mbona hukusukuma?"

Ilikuwa imekwaruza, Justin, na ilianza chini mno, lakini ni yeye. Mama. Aliimba mstari ule peke yake, bila gitaa, bila mtu mwingine, halafu akautazama mkono wangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananisubiri. Nikarudi kwenye mkao wa kwanza nikapiga ubeti wa pili. Nikafika palepale, nikasimama, mama akaimba. Ubeti wa tatu hivyohivyo, na safari hii sauti ilikuwa imepanda. Wajomba wa Kwai walikuwa wameweka sahani chini. Rubeni akakaa mwenyewe, bila kukaziwa macho.

Watu walipoondoka nikamwendea mama jikoni. Akakishika kidole changu chenye kitambaa, akakigeuza huku na huku.

Akasema, "Baba yenu hapo alikuwa hawezi. Kidole hakikufika. Hapo palikuwa pangu."

Justin, kidole kile kifupi cha shahada tumekiona maisha yetu yote. Kimetulisha uji, kimetufinya masikio kanisani. Kigutu kile kingeweza kubana uzi mmoja, lakini kulala juu ya sita kisingeweza hata kwa dawa. Wimbo mzima ameutunga akijua atakwama pale, na pale alipokwama ndipo alipompa mke wake mahali pa kumjibu. Sisi tulikuwa tunausikia kutoka uani, sauti moja inaacha na nyingine inapokea, tukadhani ni wimbo tu. Na mimi kwa jitihada zangu zote nikachukua karibu mwaka mzima kuliziba pengo la mama kwa F, na juu yake nikamwimbia mstari wake mwenyewe.

Nikamwuliza mbona hukuniambia, mama, nimeteseka hivi? Akasema, "Hukuuliza. Ulikuwa unapiga." Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nikaenda kuosha masufuria.

Usidhani nimepumzika. Sasa mama anaongea. Chai ni nyepesi. Maharage hayajachambuliwa vizuri. Kristian anakohoa kwa sababu hasikii akiambiwa avae sweta. Jirani wakipita anawaitikia onga makeo, ile salamu yetu ya asubuhi, kwa sauti mpaka wanarudi nyuma kuhakikisha ni yeye. Anataka wimbo wakati wa kukamua, kwa sababu eti ndiyo saa ya baba, na mimi siwezi kukamua na kupiga kwa wakati mmoja, kwa hiyo nagombezwa kwa yote mawili. Nilikuwa namlilia Mungu ili mama aseme neno la nne. Mungu hana kipimo akiamua kukujibu.

Na Athumani naye amekasirika. Anasema F ikishapatikana ni dhambi kuiacha, na ameniletea nyimbo nyingine tatu ambazo zimejaa hiyo F tupu. Kidole kikipona ananitaka Jumapili. Nimekubali. Usiniulize kwa nini.

Ila wewe nakupa amri kama dada yako mkubwa. Krismasi unakuja, likizo au hakuna likizo. Utapiga nyimbo zako zote za seminari upendavyo. Lakini ukishika wimbo wa baba, ukifika pale, inua mkono utulie. Hiyo F yako nzuri iache Mpanda. Na uje na nyuzi mpya, maana Kristian ameanza kuitazama baiskeli tena.

Nisalimie sana Lightness, mbusu Beatha kwa niaba yangu. Kristian anakusalimia kutoka zizini. Athumani naye anakusalimia, anasema angependa kuiona mikono yako. Wajomba wa Kwai wamesema wewe ndiye uliyekosekana, na mimi sikukutetea.

Mama ningemwambia akuwekee mkono wake hapa chini, lakini hayupo. Tangu asubuhi yuko kwa fundi na kile kitenge cha bluu. Anataka gauni la mikono mirefu la kukupokelea, na ameniachia ujumbe kwamba usipolikuta limemkaa vizuri, kosa ni la fundi, si lake.

Mungu wa baba yetu akutunze huko uliko, akufungulie njia ya kurudi, na mlango ukiukuta umeegeshwa, sukuma.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda pamoja na hasira zangu zote,

Efrazia